Jibu la fundi: M3, theluji ya Trentino na mazoea ya mchanga wa Mambrui

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nimelelewa Maweni, sasa naishi Trento na mke wangu. Mwezi wa tano nilinunua BMW M3 ya 2004, milango miwili, gia za mkono, rimu za inchi 19 na tairi pana za kiangazi. Desemba naanza kazi katika hoteli moja ya Madonna di Campiglio, na itabidi nipande mlima mara kadhaa kwa wiki. Sijawahi kuendesha kwenye theluji. Huko nyumbani nimeendesha sana mchanga wa Mambrui na matope ya njia za ndani. Je, nishushe upepo kama tunavyofanya mchangani? Niweke mifuko ya mchanga kwenye buti? Ama niwasikilize wenzangu wanaosema gari hili nilifungie mpaka Aprili, ninunue Fiat Panda, lile gari dogo?

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelipenda kwa sababu umeuliza mapema. Wengi huuliza wakiwa tayari wamelala mtaroni, gari limeegemea ukuta wa mawe na simu haishiki mtandao. Mimi nilifanya kazi katika gereji moja huko huko Trentino kabla ya kurudi nyumbani kufungua yangu hapa Malindi, na magari ya aina yako yalikuwa yakitujia kila majira ya baridi. Nitakujibu kwa urefu, maana nusu ya ulichojifunza mchangani itakuokoa na nusu nyingine itakuponza.

Tuanze na gari lenyewe. M3 ya kizazi chako ina injini ya lita 3.2, silinda sita, nguvu za farasi 343, na nguvu zote hizo zinakwenda tairi za nyuma. Iko chini, springi zake ni ngumu, na tairi za nyuma kwa rimu za inchi 19 zina upana wa milimita 255. Katika lami kavu ya Julai kila kimoja kati ya hivyo ni sifa. Kwenye theluji kila kimoja kinageuka kuwa deni. Huwezi kuibadilisha injini wala mahali nguvu zinapotokea. Unachoweza kubadilisha ni kile kinachogusa ardhi, kwa hiyo pesa yako ya kwanza, na kubwa kuliko zote, iende kwenye tairi. Ukiniambia una pesa ya jambo moja tu msimu huu, nitakwambia tairi, na nikikosa kusema neno jingine lolote nitakuwa nimekusaidia.

Tairi ya kiangazi imetengenezwa kwa mpira unaotaka joto. Joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira huo huanza kukakamaa, na kukakamaa huko hakungoji theluji: hata lami kavu ya asubuhi ya Novemba itakusaliti. Zile tairi za gari la kasi, kama ulizo nazo, ni mbaya zaidi. Katika baridi kali ya chini ya sifuri mpira wake unaweza hata kupasuka ukikunjwa, na watengenezaji wenyewe wanaonya zisiendeshwe wala zisisukumwe zikiwa zimeganda hivyo. Tairi ya baridi ina mpira mwingine unaobaki laini, na juu ya kila jino lake kuna mipasuo myembamba mingi. Mipasuo ile inakamata theluji na kuishikilia, kwa sababu theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira. Ukiona tairi ya baridi imejaa weupe kwenye mifereji yake usidhani imeziba. Ndivyo inavyofanya kazi.

Unapokwenda kununua, tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Utaona pia herufi M+S. Sheria ya Italia inazikubali herufi hizo, lakini mtengenezaji anaweza kuziandika bila tairi kupimwa kwenye theluji. Ule mlima ndio uthibitisho kwamba tairi imepimwa. Na ikitokea siku moja unavuka mpaka kwenda kazini Austria au Ujerumani, jua kwamba Ujerumani siku hizi haiitambui M+S peke yake kuwa ni tairi ya baridi.

Sasa upana, na hapa ndipo Mambrui inapokudanganya. Mchangani huna sakafu. Chini ya mchanga kuna mchanga mwingine, kwa hiyo unataka gari lielee juu: tairi pana, upepo umeshushwa hadi pauni 16 au 18, tairi imetandazika kama wayo wa ngamia. Kwenye theluji ya barabarani sakafu ipo. Chini ya weupe ule kuna lami, au theluji iliyokwisha kushindiliwa na magari mengine, na unachotaka ni tairi ikate ishuke mpaka ikute kitu kigumu. Tairi nyembamba inabeba uzito ule ule juu ya eneo dogo, kwa hiyo inashindilia kwa nguvu zaidi, na ina theluji kidogo ya kusukuma mbele yake. Pana inapanda juu na kuanza kusukuma lundo. Madereva wa mbio wa Sweden, wanaoendesha kwa kasi ya kutisha kwenye barabara za barafu msituni, wanatumia tairi nyembamba kuliko za gari la kwenda sokoni, zenye misumari. Wangeweza kuweka pana wakitaka. Hawataki.

Kwa hiyo zivue hizo za inchi 19 uziweke kando mpaka majira ya kuchipua. Tafuta rimu za inchi 17 na tairi za 225/45 kote, mbele na nyuma sawa. Gari lako lilikuwa na ruhusa ya saizi hiyo kwa tairi za baridi, na rimu sahihi za inchi 17 zinapita juu ya breki zake kubwa, lakini si kila rimu ya inchi 17 inapita. Ijaribishe kwa mkono kabla hujalipa, uizungushe uone haigusi kaliba ya breki. Kisha thibitisha saizi hiyo kwenye hati ya gari yako, maana Italia saizi zilizoruhusiwa zimeandikwa humo, na askari wa barabarani anazisoma. Kwa kuwa tairi zote nne zitakuwa saizi moja, utaweza kuzihamisha za nyuma ziende mbele zikianza kulika, jambo usiloweza sasa. Faida nyingine ni ubavu wa tairi: utakuwa mrefu kidogo, na ukilikuta shimo lililofichwa na theluji rimu yako itapona.

Usikubali kamwe ushauri wa kuweka tairi za baridi nyuma tu kwa sababu ndiko nguvu zilipo. Nimewahi kuusikia kwa watu wanaojiita wajuzi. Utaondoka vizuri, utapanda vizuri, halafu kwenye kona ya kwanza ya kushuka mbele hakutageuka. Nne, au usitoke.

Kina cha mifereji nacho ukitazame. Sheria inakuruhusu kufika milimita 1.6, lakini tairi ya baridi iliyofika milimita 4 imebaki na jina tu. Austria wameiandika hiyo 4 kwenye sheria yao, na wanaijua theluji. Ukinunua zilizotumika, beba kipimo chako mwenyewe na usome tarehe ya kutengenezwa ubavuni: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Mpira mzee umekauka hata kama mifereji ina kina.

Upepo, basi: usishushe. Tena utapungua wenyewe. Kila joto likishuka nyuzi 10, tairi inapoteza kiasi cha baa 0.1, yaani pauni moja na nusu hivi. Ukijaza ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20 halafu ukalale Campiglio kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, asubuhi tairi zako zina pungufu ya pauni 4 na zaidi, na hakuna aliyekuibia wala hakuna msumari. Pima tairi zikiwa baridi, nje, na ujaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye gari. Mchanga ni mchanga; hapa tairi yenye upepo pungufu inaifunga ile mipasuo na kulifanya gari lisitulie kwenye kona.

Kuhusu mifuko ya mchanga kwenye buti: huu ni ushauri wa zama za pikapu tupu za mgongo mwepesi. M3 yako imegawanya uzito karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, na hata betri yake imewekwa nyuma, ndani ya buti, upande wa kulia. Ukiongeza kilo 80 nyuma kabisa ya ekseli, utapata msaada kidogo wa kuondoka na deni kubwa la kusimama, na kwenye kona mkia ule ukianza kuzunguka utakuwa na uzito zaidi wa kuurudisha. Mfuko usiofungwa nao ni kombora siku ya ajali. Beba mfuko mdogo wa mchanga mkavu, kilo tano au kumi zinatosha, si kwa uzito bali kwa kumwaga mbele ya tairi za nyuma ukikwama kwenye barafu. Utashangaa jinsi viganja viwili vya mchanga vinavyoweza kuamua kama unakwenda kazini au la.

Minyororo ya tairi lazima uwe nayo ndani ya gari. Barabara nyingi za milimani huko, kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 15 Aprili, zina alama inayokutaka uwe na tairi za baridi au minyororo. Mimi nakwambia uwe na vyote viwili, kwa sababu ya siku ile moja ambayo tairi peke yake haitoshi. Kwako inafungwa nyuma, kunakovuta. Chagua ile yenye pete nyembamba, kwa maana nafasi kati ya tairi na springi ya gari lako ni finyu, na pete nene itakata bomba la breki au kusugua kiungo. Ukishaifunga usizidi kilomita 50 kwa saa. Na tafadhali, ifunge na kuifungua mara kadhaa nyumbani, kweupe, ukiwa umevaa glavu, kabla hujaihitaji. Kuijifunza usiku, vidole vimekufa ganzi na foleni ya magari inakupigia honi nyuma, ni mateso matupu.

Sasa nifungue boneti. Huku Malindi wengi tunatia maji matupu kwenye rejeta na gari linakwenda mwaka mzima. Huko maji matupu yataganda, yatatanuka, na yatapasua bloku ya injini ambayo bei yake inaweza kuzidi ya gari. Kama hujui aliyekuuzia alitia nini, mwaga yote. Weka dawa ya rejeta ya aina inayokubaliwa na BMW, nusu dawa na nusu maji yaliyosafishwa. Mchanganyiko huo hauwezi kuganda mpaka nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Usifikiri kwamba ukitia dawa tupu bila maji utalindwa zaidi: dawa ile ikiwa peke yake inaganda kwenye nyuzi 12 au 13 tu chini ya sifuri. Ni ule mchanganyiko wenye nguvu, si dawa peke yake. Wakati huo huo mwambie fundi atazame tangi la plastiki la rejeta na mabomba yake. Magari ya umri huo plastiki imekakamaa, na baridi humalizia kazi ambayo joto ilianza.

Oili usiibadilishe kwa hofu. Utaambiwa uache 10W-60 iliyoandikwa na kiwanda uweke nyepesi kwa sababu ya baridi. Namba iliyo mbele ya W inahusu baridi, na oili ya 10W hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Campiglio, mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, kuna baridi, lakini asubuhi nyingi hazifiki huko. Injini hii inajulikana kwa kusaga beringi za koneti, yaani fimbo zinazounga pistoni na krenki, zikibebeshwa kazi oili ikiwa baridi, na dawa yake ni subira ya dereva. Kwenye geji yako ya mizunguko kuna taa za rangi ya machungwa zinazozima moja baada ya nyingine oili inavyopata joto. Zile taa ni amri. Washa, subiri kidogo oili ipande, ondoka taratibu, usivute mizunguko ya juu mpaka zizime. Kuliacha linanguruma maegeshoni kwa dakika ishirini hakusaidii. Linapata joto vizuri zaidi likitembea kwa upole.

Betri ipeleke ikapimwe chini ya mzigo kabla Novemba haijaisha. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri nzima hubaki na karibu nusu ya nguvu zake, na hapo hapo injini inadai nguvu zaidi kuzungushwa kwa sababu oili imekuwa nzito. Betri iliyokwisha chaji inaweza hata kuganda na kupasuka. Ikikuzimikia, usihangaike na buti: chini ya boneti kuna kituo cha chanya cha kuungia waya.

Chumvi, sasa, hii unaijua. Umekua unaona mabati ya Malindi yanavyoliwa na upepo wa bahari na milango ya matatu ilivyotoboka chini. Huko wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na maji yake yanarukia chini ya gari lako kila siku kwa miezi mitano. Hiyo ni mbaya kuliko kuegesha ufukweni. Gari lako lina mahali pawili pa kuogopa. Pa kwanza ni matao ya tairi za nyuma, yanayooza kutoka ndani kabla hujaona kitu nje. Pa pili, na hapa nakusihi, ni sakafu ya nyuma mahali fremu ya ekseli inapofungwa. M3 za kizazi hiki zinafahamika kwa kupasuka bati mahali hapo. Kabla ya majira ya baridi gari lipandishwe juu, mtu mwenye taa nzuri aikague sakafu ile sehemu baada ya sehemu. Kama kuna ufa, chumvi itaingia ndani yake na Aprili utakuwa na kazi ya kuchomelea mara mbili ya hii ya leo. Kama ni nzima, isafishwe, ikauke kabisa, ipakwe nta ya kuzuia kutu, na ndani ya matundu ya fremu ipulizwe pia. Isipakwe ile lami nyeusi juu ya kutu iliyopo. Inaifunika tu ikaendelea kula gizani.

Baada ya hapo osha chini ya gari kwa maji matamu kila upatapo siku ya juu ya sifuri. Nilikuwa nikiwaambia wateja waliojivunia gereji zenye joto: gari lenye chumvi mbichi likilala mahali pa joto linaoza haraka kuliko likilala nje, kwa sababu kutu nayo inapenda joto. Ukiliingiza ndani, liingie limeoshwa.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Tangi la maji ya kioo litiwe maji maalumu ya baridi ya mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Wipa ziwe mpya. Kioo cha mbele kilichoganda usikimwagie maji moto, kitapasuka. Tumia kikwangulio na uvumilivu. Taa zako kama ni za zenoni hazitoi joto la kuyeyusha theluji iliyoganda juu yake, kwa hiyo zifute kila unaposimama. Theluji ya paani iondoe yote, kwa sababu ukipiga breki itashuka yote pamoja ikufunike kioo. Na kwa kuwa gari lako ni la milango miwili isiyo na fremu juu, kioo cha dirisha hushuka kidogo kila unapofungua mlango. Kikiganda kwenye mpira kisishuke, ukivuta mlango kwa nguvu unavunja mashine ya kioo. Paka mipira yote glisirini au mafuta ya silikoni kila baada ya wiki chache.

Breki ya mkono usiivute ukiegesha usiku kwenye baridi. Ndani ya diski zako za nyuma kuna viatu vidogo vya breki, na vikiwa na maji vitaganda vimeshikana, asubuhi gari halisogei. Egesha kwenye gia, geuza tairi zielekee ukingoni, weka kigingi kama ni mteremko.

Jambo moja ambalo mtu wa Pwani hawezi kulifikiria mwenyewe: ukikwama kwenye theluji nyingi na injini inawaka ili upate joto, toka nje kwanza uchimbue bomba la moshi. Theluji ikiliziba, moshi wenye sumu unarudi ndani ya gari, hauna harufu ya kukuonya, na watu wamefia humo wakiwa wamelala. Koleo dogo la kukunja, blanketi, tochi, maji ya kunywa na chaja ya simu vikae garini mpaka Aprili.

Nije kwenye kuendesha, na hapa sasa mchanga wako unarudi kuwa mwalimu mzuri. Kule Mambrui ulijifunza kutokukanyaga ghafla, kutokusimama katikati ya mpando, kuangalia mbali na kuisikia tairi inavyoshika. Yote hayo yabebe. Ondoka na gia ya pili kama ya kwanza inazungusha tairi bure. Usukani, breki na mafuta, kimoja kwa wakati, na kila kimoja polepole.

Usichokijua bado ni kusimama. Mchangani ukiondoa mguu gari linajisimamia. Kwenye theluji halisimami. Hesabu yake ni hii: ukiwa kilomita 50 kwa saa, lami kavu inakusimamisha ndani ya mita 12 au 13 baada ya kukanyaga breki. Kwenye theluji iliyoshindiliwa ni karibu mita 40. Kwenye barafu tupu inaweza kuwa mita 100 hivi, urefu wa uwanja wa mpira. Na hapa gari la kuvuta tairi zote nne halina faida yoyote juu yako, maana kila gari lina breki kwenye tairi nne. Hata wenye magari ya namna hiyo huanguka mitaroni, wakiwa wamedanganywa na jinsi yalivyoondoka vizuri.

Difu ya gari lako, ile gia inayogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma, ina mfumo wa kuzifunga tairi za nyuma zisaidiane moja ikiteleza. Inasaidia kupanda, lakini maana yake ni kwamba ukikanyaga mafuta mengi zote mbili zitateleza pamoja, na mkia utakwenda pembeni bila kukuaga. Ule mfumo wa DSC wa kuzuia kuteleza uache umewashwa kila wakati, isipokuwa pale umekwama na unataka kulitikisa gari mbele na nyuma litoke. Hapo unaweza kukunyima nguvu kabisa, uzime kwa dakika hiyo kisha uwashe. Ukishuka mlima, usirudishe gia kwa haraka: injini yenye nguvu ya kufunga kama yako inaweza kuzivunja mshiko tairi za nyuma kama breki ya mkono. Mkia ukianza kuhama, kanyaga klachi, tairi ziwe huru, tazama unakotaka kwenda na mikono ifuate macho. Usikanyage breki kwa hofu.

Haya yote huwezi kuyajua kwa kusoma. Tafuta uwanja mtupu baada ya theluji ya kwanza, kwa ruhusa ya mwenyewe, uende na mtu anayeijua. Ukiweza kulipia siku moja kwenye shule ya kuendesha barafuni, Livigno kuna uwanja wa barafu wa kazi hiyo. Siku moja pale ina thamani kuliko springi na rimu zote utakazowahi kununua.

Sasa wenzako na Panda. Hawakukutania. Fiat walianza kutengeneza Panda ya kuvuta tairi zote nne mwaka 1983, na vijiji vya milimani vimejaa nayo kwa sababu za haki: ni nyepesi, iko juu, tairi zake ni nyembamba, na injini yake haina nguvu za kukuingiza matatani. Itapita mahali ambapo wewe utabaki umekaa juu ya tumbo la gari. Kikomo chako ni bampa. Theluji mpya ikifika usawa wa chini wa bampa ya mbele, gari lako linageuka koleo, na hakuna tairi itakayokutoa. Siku za namna hiyo panda basi, au lala hotelini. Lakini siku hizo ni chache. Barabara ya Pinzolo na Campiglio ni ya watalii na hufagiliwa mapema. Kama unaweza kuyamudu magari mawili, ningekushauri Panda kwa kazi na M3 ipumzike na chumvi, kwa sababu ya ile sakafu ya nyuma na si kwa sababu haiwezi kupanda. Kama ni gari moja tu, fanya nilivyokwambia na utafika kazini msimu mzima.

Mwezi wa nne, joto la asubuhi likizoea kupita nyuzi 7, rudisha tairi zako za kiangazi, kwa sababu zile laini zinalika upesi kwenye lami ya moto na zinachelewa kusimama. Kwa sasa, ukishapata rimu za inchi 17, nitumie picha ya ukurasa wa hati wenye saizi za tairi na picha ya nyuma ya rimu kabla hujatoa pesa. Nami nitakutazamia.